Mwongozo kamili: kutambua na kupanga magamba ya konokono walanyama wa bahari, ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Picha ninazotumiwa kwa WhatsApp na walimu wa baiolojia na wakusanyaji wa nyanda za juu kusini zina kasoro ileile. Gamba limelazwa kifudifudi juu ya kitambaa cha meza, madoa yote ya mgongoni yanaonekana vizuri, halafu ujumbe: "Shikamoo mwalimu, naomba jina la huyu." Jina halitoki mgongoni. Konokono mlanyama anajulikana kwa mdomo wa gamba lake, na mdomo ndio uliofichwa chini.

Kasoro ya pili ni kupanga kwa rangi na ukubwa: meupe kopo hili, ya madoa kopo lile, makubwa juu ya kabati. Kwa mpango huo, konokono anayeweza kuua mtu hukaa pamoja na mla mwani, na konokono wa migombani Tukuyu hupewa lebo ya Bahari ya Hindi.

Hapa tunafuata mpangilio mwingine: mdomo kwanza, mhimili wa ndani pili, mizunguko tatu, rangi mwisho kabisa. Mwongozo ni kwa magamba makavu na matupu: yale yaliyopanda huku na basi au treni ya TAZARA kama zawadi, yaliyonunuliwa kwenye meza za dawa za asili sokoni, au yaliyokutwa kwenye boksi la maabara bila maelezo.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Hakuna cha kuagiza mbali. Viweke vyote mezani kabla ya kufungua boksi.

- Beseni mbili, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo.
- Mswaki wa zamani wenye nywele laini, pamoja na sindano ya kushonea.
- Tochi ya simu. Bila mwanga ndani ya mdomo utakuwa unakisia tu.
- Lensi ya mkono inayokuza mara 10. Ya maabara ya shule inatosha.
- Rula, au kalipa ikipatikana.
- Sinia lenye mchanga mkavu wa kina cha sentimita 3 hivi, la kusimamishia magamba.
- Penseli na vipande vya karatasi. Wino wa kalamu hufifia, na ukilowa husambaa.
- Vikopo vya plastiki vyenye mfuniko, na daftari moja la kudumu.

Vya kuviacha jikoni na chooni: siki, ndimu, maji ya betri na dawa ya kusafishia choo. Gamba ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, na asidi huila chokaa. Litang'aa kwa dakika chache, kisha utagundua kwamba meno ya mdomoni na mistari midogo uliyohitaji kuiona imeyeyuka.

## Hatua ya 1: Andika lilikotoka kabla ya kugusa maji

Toa gamba moja, lipe namba, andika namba hiyo kwenye karatasi na kwenye daftari. Ongeza nani alileta, alilipata wapi, lini, na kama aliliokota ufukweni au alilinunua.

Sababu ni kwamba spishi nyingi zinazofanana hutenganishwa kwa eneo. Gamba lisilo na mahali pa asili linabaki kuwa pambo, hata likiwa zuri namna gani.

Angalizo: "limenunuliwa Dar es Salaam" si sawa na "limetoka bahari ya Dar es Salaam". Biashara ya magamba ni ya dunia nzima na Ufilipino ni muuzaji mkubwa. Andika "limenunuliwa", usiandike "limetoka". Neno hilo moja litaokoa mtu miaka ishirini ijayo.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kushika gamba namba 7, akafungua daftari na kujua habari zake bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Osha, lakini usisugue mpaka ling'ae

Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, piga mswaki polepole, suuza kwenye beseni la pili. Mchanga ulioganda mdomoni utoe kwa ncha ya sindano. Kama linanuka, kuna nyama iliyokauka ndani: liache kwenye maji safi siku kadhaa ukibadilisha maji kila siku, kisha litikise mdomo ukiwa chini.

Jiki iliyochanganywa na maji mengi inaondoa uchafu mgumu, lakini inaondoa pia ngozi nyembamba ya kahawia inayofunika magamba mengi. Ngozi hiyo ni ushahidi. Baadhi ya konokono wa familia ya Cymatiidae wana ngozi yenye vinyweleo, na ukiisugua yote umefuta alama yao. Ukiwa na magamba mawili ya aina moja, safisha moja, jingine liache na ngozi yake.

Kausha kivulini. Jua kali la mchana linapausha rangi.

Umefaulu ikiwa tochi ukiielekeza mdomoni inakuonyesha mhimili wa ndani bila mchanga.

## Hatua ya 3: Lisimamishe likutazame

Chomeka gamba kwenye mchanga wa sinia: ncha juu, mdomo ukikuelekea wewe. Kila maelezo yanayofuata yanategemea mkao huu, na ukiukosea kulia kutakuwa kushoto.

Sasa taja sehemu kwa sauti huku ukigusa. Ncha ya juu ndipo konokono alipoanzia alipokuwa mchanga. Mizunguko inashuka na kupanuka hadi mzunguko wa mwisho, ulio mkubwa kuliko yote. Mstari unaogawa mzunguko na mzunguko ni mshono. Mdomo una ukingo wa nje, ulio mkono wako wa kulia, na ukingo wa ndani unaoegemea mhimili, nguzo inayopita katikati ya gamba lote. Baadhi ya magamba yana shimo pembeni ya mhimili; hilo ni kitovu. Na ukibahatika utakuta kifuniko, kibamba ambacho konokono alifungia mlango, kikiwa cha chokaa au chepesi cha rangi ya kahawia. Usikitupe. Kitie kwenye kopo la gamba lake.

## Hatua ya 4: Ondoa wa ziwani na wa shambani

Hatua hii haimo kwenye vitabu vya Pwani, lakini huku kwetu ni ya lazima, kwa sababu boksi la Mbeya huwa limechanganya Bahari ya Hindi, Ziwa Nyasa na bustani ya nyuma ya nyumba.

Anza na upande wa mdomo. Karibu magamba yote ya bahari yana mdomo upande wa kulia ukiyasimamisha kama nilivyoeleza. Mdomo ukiwa kushoto, uwezekano mkubwa umeshika Lanistes, konokono wa maji baridi anayeokotwa kwa wingi Matema na fukwe nyingine za Kyela. Ana gamba la mviringo, la kijani kibichi au kahawia, lisilo na mfereji wowote chini ya mdomo (mfereji umeelezwa Hatua ya 5). Weka kando.

Tahadhari kwa wanaotumia picha: kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipiga mwenyewe, mara nyingi hugeuza picha. Gamba la kulia linakuwa la kushoto. Tumia kamera ya nyuma.

Wa pili ni Achatina, konokono mkubwa wa nchi kavu mwenye michirizi ya kahawia, ambaye mvua za Rungwe zinampenda. Huyu ndiye mdanganyifu hasa. Mhimili wake umekatika ghafla kwa chini, na mkato huo unaonekana kabisa kuwa ni pengo la mfereji. Walimu wazuri tu wamempeleka kwenye kopo la walanyama kwa sababu hiyo.

Namna ya kumkamata: geuza gamba uangalie mgongo wa sehemu ya chini, karibu na pale mdomo unapoishia. Konokono wa bahari mwenye pengo la kweli amekuwa akilisogeza pengo hilo kadiri anavyokua, kwa hiyo ameacha utepe wa mistari iliyopinda unaozunguka sehemu ya chini. Achatina hana utepe huo. Mkato uko kwenye mhimili peke yake, na ukingo wa nje unapita chini bila kuvunjika. Isitoshe, gamba lake ni jembamba na jepesi kwa ukubwa wake.

Umefaulu ikiwa kwenye sinia yamebaki magamba ya bahari yenye mdomo upande wa kulia.

## Hatua ya 5: Tazama mwisho wa chini wa mdomo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Usiharakishe.

Konokono wengi wanaowinda baharini wana mrija wa nyama unaonyonya maji na kuyapitisha kwenye kiungo cha kunusia. Mrija huo unaelekezwa huku na huku kutafuta harufu ya windo. Gamba lazima liupe njia ya kutokea, na njia hiyo ni pengo au mfereji chini ya mdomo. Wapo wenye pengo fupi lenye umbo la U, na wapo wenye mfereji mrefu kupita gamba lenyewe.

Kwa hiyo chukua penseli, ipitishe polepole kwenye ukingo wa mdomo kuanzia juu kulia, ushuke, uzunguke hadi kwenye mhimili. Penseli ikizunguka bila kukutana na pengo, mdomo ni mzima, na mara nyingi mwenyewe alikuwa akila mwani: hao ni akina Turbo na Trochus, ambao ndani wana mng'ao wa lulu. Penseli ikitumbukia, weka gamba upande wa washukiwa.

Nasema washukiwa kwa sababu kanuni hii ina watu wanne wa kuichafua.

Naticidae ni walanyama wasio na pengo. Gamba lao ni la mviringo, laini, linateleza mkononi, mdomo una umbo la nusu mwezi, na pembeni ya mhimili kuna kitovu ambacho mara nyingi kimezibwa nusu na kibonge cha chokaa. Wanachimba mchangani wakitafuta kombe. Wasichanganywe na Nerita, mla mwani wa miambani, ambaye pia ana mdomo wa nusu mwezi: Nerita hana kitovu, na ukingo wake wa ndani mara nyingi una meno.

Strombidae wana mfereji lakini hawawindi. Maarufu ni Lambis lambis, lile gamba lenye vidole virefu ukingoni linalopendwa sebuleni. Hula mwani. Alama yao iko kwenye ukingo wa nje, sehemu ya chini: pengo la ziada, mbali kidogo na mfereji, ambalo jicho la kulia huchungulia humo. Ukiona mapengo mawili ya namna hiyo, mtoe. Ila gamba changa halijaota ukingo mpana wala vidole, na watu humwita koni, yule wa familia ya Conidae tutakayemkuta Hatua ya 6. Ukingo mwembamba unaokatika kwa ukucha ukupe shaka.

Terebralia palustris ni konokono mrefu, mzito, wa kahawia iliyokolea, anayeishi kwenye mikoko na kula majani yaliyoanguka. Ana mfereji mfupi. Anajulikana kwa mizunguko iliyochanjwa mistari ya mviringo na ukingo mpana uliopinda.

Kauri wana mdomo mwembamba wa urefu wa gamba zima, meno pande zote mbili, na pengo juu na chini. Wengi wao hula mwani au sifongo. Wape kopo lao wenyewe. Kwenye boksi lolote kutoka sokoni ndio watakaokuwa wengi, na wasikupotezee muda.

Umefaulu ikiwa una makundi matatu: wenye pengo, Naticidae, na waliotolewa.

## Hatua ya 6: Gawa kwa familia

Fanya kazi na gamba moja moja, ukiuliza maswali kwa mpangilio huu. Jibu likipatikana, simama.

### Je, mdomo ni ufa mwembamba unaochukua karibu urefu wote?

Kama ndiyo, na gamba ni pana juu, linachongoka kuelekea chini, ncha ikiwa fupi au bapa, hao ni Conidae, koni. Kingo mbili za mdomo zinakwenda sambamba, na mhimili ni laini bila mikunjo. Spishi zao zinazidi 800, na rangi zinatofautiana hata ndani ya spishi moja, kwa hiyo familia ni rahisi na spishi ni ngumu.

Koni wote wana jino lililogeuka mshale wenye sumu. Wengi hula minyoo, mfano Conus ebraeus, mdogo mweupe mwenye vibao vyeusi, na Conus leopardus, mkubwa na mzito mwenye madoa. Conus textile, mwenye pembetatu nyeupe zilizozungushiwa kahawia, hula konokono wenzake. Conus geographus hula samaki na ameua watu. Huyu wa mwisho mjue hata akiwa mtupu: gamba ni jepesi na jembamba kuliko koni wengine wa ukubwa wake, mdomo unapanuka kuelekea chini, na begani, yaani kona ya juu ya mzunguko wa mwisho, kuna vinundu vidogo vinavyozunguka.

Onyo kwa anayeshuka Pwani. Usiokote koni aliye hai, wala usimshike kwa "upande salama", kwa sababu mrija wa kuchomea unaweza kujikunja na kufika karibu kila upande wa gamba. Usimtie mfukoni. Hakuna dawa mahususi ya kuizima sumu hiyo. Aliyechomwa alazwe, kiungo kifungwe bendeji pana na kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja, na aangaliwe kupumua njiani, maana kinachoua ni misuli ya kupumua kulegea. Sumu hiyohiyo imetoa dawa: zikonotaidi, ya maumivu makali, ilitokana na Conus magus na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004. Wanafunzi hulipenda jambo hili kuliko uainishaji wote.

Kama mdomo ni mwembamba lakini gamba ni la mcheduara, limeng'aa kama lililopakwa vanishi, na mshono umezama kuwa mfereji mdogo unaozunguka ncha, hao ni Olividae. Mng'ao unatokana na nyama kufunika gamba wakati wa uhai. Sehemu ya chini ya mhimili ina mikunjo mingi midogo.

### Je, mhimili una mikunjo?

Tochi sasa. Elekeza mwanga mdomoni kwa pembeni, si moja kwa moja, ili mikunjo itoe kivuli.

Mikunjo kadhaa iliyo wazi, ule wa juu ukiwa mkubwa kuliko wa chini, kwenye gamba refu lenye ncha na mdomo mwembamba: Mitridae. Mitra mitra, mweupe mwenye madoa ya machungwa yanayoelekea nyekundu, ndiye anayeletwa mara nyingi kwa uzuri wake.

Mikunjo miwili mitatu hafifu chini ya mhimili, gamba zito lenye mfereji ulio wazi: Fasciolariidae. Pleuroploca trapezium ni mkubwa, ana vinundu begani, na ndani ya ukingo wa nje ana mistari myembamba ya kahawia. Mistari hiyo ni alama nzuri sana, na haionekani kabisa kwenye picha ya mgongo. Hula konokono na kombe.

### Je, gamba ni refu na jembamba, mizunguko mingi, mdomo mdogo?

Terebridae. Mdomo ni sehemu ndogo tu ya urefu, na pengo la chini ni fupi lakini la kweli. Oxymeris maculata anaweza kuzidi sentimita 20, mweupe mwenye madoa ya bluu iliyokolea na kahawia. Terebralia wa mikoko huingizwa hapa kimakosa. Gamba la Terebridae lina rangi angavu na ukingo mwembamba usiopinda nje.

### Je, kuna matuta manene yaliyosimama kutoka juu hadi chini?

Matuta haya ni kingo za zamani za mdomo. Konokono hukua kwa vipindi, akipumzika anaunenepesha ukingo, kisha anaendelea na kuuacha nyuma. Kuhesabu matuta kwenye mzunguko mmoja ndiko kunakotenganisha familia, na watu hawahesabu.

Matatu kwa kila mzunguko, mara nyingi yakiwa na miiba au matawi: Muricidae, upande wa Murex na Chicoreus. Chicoreus ramosus ndiye mkubwa mweupe mwenye matawi yaliyokunjamana. Lakini familia ni kubwa, na wapo Muricidae wa miambani wenye vinundu tu bila miiba. Usitegemee miiba peke yake.

Mawili, yakitazamana kulia na kushoto kwa mstari ulionyooka kuanzia juu hadi chini: Bursidae. Thibitisha kwa kuangalia juu ya mdomo: kuna mfereji wa pili pale.

Machache yasiyopangana kwenye mstari mmoja, ukingo mnene wenye meno: Cymatiidae. Ndugu yao mkubwa ni Charonia tritonis wa familia ya Charoniidae, gamba refu linaloweza kufika sentimita 40 na zaidi, ambalo watu wa visiwani wamelipuliza kama baragumu. Ukikuta tundu la mviringo ubavuni au ncha iliyokatwa, ni kazi ya mpulizaji. Charonia hula viti vya pwani, akiwemo yule wa miiba anayeharibu matumbawe.

### Je, ukingo ni mpana, mnene, umeenea kuzunguka mdomo wote?

Cassidae. Sehemu ya chini ya gamba inakuwa bapa, unaweza kuiweka mezani ikakaa. Mfereji umepinda kwenda juu mgongoni. Cypraecassis rufa mwenye mdomo wa machungwa na meno makubwa hutoka Afrika Mashariki na amesafirishwa sana kwenda Italia kuchongwa vito. Wanawinda mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, aitwaye kwa Kiingereza sea urchin.

Likiwa kubwa lakini jembamba na jepesi, mdomo mpana mno, mistari minene ikizunguka: Tonnidae, wala majongoo bahari, ambao mate yao yana asidi ya salfa. Shika kwa mikono miwili, ukingo huvunjika.

Likiwa na mbavu zilizopangana kwa usawa kutoka juu hadi chini, lenye mng'ao na pengo pana: Harpidae, wawindaji wa kaa.

Waliobaki bila familia waweke kopo la "bado". Kopo hilo si aibu. Aibu ni kulazimisha.

## Hatua ya 7: Chunguza matundu kwenye magamba mengine

Sasa chukua magamba ya kombe na chaza yaliyokuwamo kwenye boksi. Tundu dogo la mviringo kamili ni kazi ya mwindaji, si ya mawimbi. Tazama kwa lensi: tundu pana juu na finyu chini, lenye mteremko laini, kwa kawaida ni la Naticidae, tundu lenye kuta zilizonyooka mara nyingi ni la Muricidae. Wote hulainisha chokaa kwa majimaji ya kiungo maalumu, kisha hukwangua kwa radula, ulimi wenye meno. Tundu lisilofika ndani maana yake mwindaji alikatizwa. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi uwindaji bila kuwa na bahari, kombe mwenye tundu anafaa kuliko gamba la mwindaji mwenyewe.

## Hatua ya 8: Jina na lebo

Ukifika kwenye jenasi, yaani neno la kwanza la jina la kisayansi, na ukakwama, andika mfano "Conus sp." (spishi haijajulikana) na uachie hapo. Ni jina sahihi kisayansi. Jina la spishi lililokisiwa ni kosa litakalonakiliwa na kila mwanafunzi.

Majina ya zamani kwenye lebo si lazima yawe makosa. Charonia utamkuta kwenye lebo za Ranellidae, familia iliyogawanywa upya mwaka 2019. Oxymeris maculata alikuwa Terebra maculata. Hakiki jina la sasa kwenye MolluscaBase, orodha ya mtandaoni ya majina ya konokono na jamaa zao, inafunguka hata kwa simu, na uandike yote mawili.

Mabano pia yana maana. "Conus geographus Linnaeus, 1758" halina mabano kwa sababu jenasi haijabadilika tangu Linnaeus, mwanasayansi aliyemwandika mwaka huo, alipompa jina. "Chicoreus ramosus (Linnaeus, 1758)" yanayo, kwa sababu Linnaeus alimweka kwenye Murex. Usiyaongeze wala kuyaondoa kwa kupendezesha lebo.

Ukitaka msaada wa mtu, tuma picha tatu: mdomo, mgongo, na ncha kwa juu, rula ikiwa pembeni kwenye kila moja. Lebo ya mwisho iwe na namba, jina, mahali, tarehe na jina la aliyeleta, kwa penseli.

## Hatua ya 9: Kuhifadhi kwenye unyevu wa huku

Kabati la mbao linaonekana la heshima, lakini mbao, maboksi ya karatasi na mbao za kubandika hutoa mvuke wa asidi kidogo kidogo. Kukiwa na unyevu, na Tukuyu unyevu haukosi, mvuke huo unalila gamba na kuacha unga mweupe unaonata juu yake. Wengi hudhani ni ukungu na kupaka mafuta. Si ukungu, na mafuta hayasaidii.

Ukiuona, suuza gamba kwa maji safi, likaushe kabisa kwa siku kadhaa, kisha lihamishie kwenye plastiki. Uso uliokwisha liwa haurudi, ila maradhi yatasimama. Kwenye kila kopo tia kifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na ukibadilishe kila msimu wa mvua. Pamba usitumie; nyuzi hunasa kwenye miiba ya Murex na unapoitoa miiba inakatika. Kitambaa laini kinatosha.

Ukitaka kuongeza magamba, anza na waliokufa wenyewe, waliotupwa na maji. Ndani ya hifadhi za bahari, mfano ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa 1995 na ya Ghuba ya Mnazi kule Mtwara ya mwaka 2000, usiokote kitu bila kibali, hata gamba tupu: huwa limeshapata mpangaji, kaa asiye na gamba lake, na kwenye ufuo uliookotwa sana hana pa kuhamia. Mwanafunzi anayekwenda likizo Pwani mpe penseli na vipande vya karatasi aandike mahali na tarehe papo hapo, na mwambie asilete chochote kinachotembea.